Mfuko Hubaki Juu

Kambini, 3 Juni

Fundi wangu,

Gari la vyakula limewahi leo, na dereva amesema ataondoka akimaliza chai yake, kwa hiyo nakuandikia hapa hapa juu ya gunia la mchele. Maandishi yakipanda na kushuka, ujue ni mchele, si mimi.

Mfuko wako tumeujaribu. Sikuruka nao, usianze kuguna. Tulichukua gunia la mchanga lenye uzito kama wangu, tukalifunga kamba za mwavuli wa kurukia, tukaukunja mwavuli ndani ya mfuko vile ulivyonifundisha, na kamba tukazipitisha kwenye mipira yake ya kubania. Kipara, mwenzangu wa kuruka, akasimama ukingoni mwa jabali ameushika mfuko kwa mikono miwili, mimi nikalisukuma gunia. Kamba zikachomoka moja baada ya nyingine, mdomo wa mfuko ukafunguka, mwavuli ukatoka na kujaa upepo papo hapo. Kipara akabaki juu na mfuko mtupu. Mpaka hapo jisifu upendavyo.

Shida ni kwamba mwavuli ulijaa ukiwa umegeukia kushoto, unalitazama jabali. Gunia likaenda kujibamiza kwenye mwamba. Tumerudia, na kila tukirudia ni kushoto tu. Gunia halina meno ya kupoteza, Fundi. Mimi ninayo, na wewe ndiye uliyesema uliyapenda kabla hujanipenda mimi.

Ingekuwa jabali refu nisingekusumbua. Kwenye refu mtu anaanguka, anahesabu, anafungua mwenyewe mwavuli wa mgongoni. Hili ni fupi, halina nafasi ya kuhesabu. Miguu ikiacha mwamba mwavuli uwe tayari unatoka, na ukitoka utazame bondeni.

Nalala kwenye hema lililoshonwa na mtu asiyenijua. Nimezikagua pindo zake kwa vidole, ovyo kabisa. Kinachonikosesha usingizi, lakini, ni kwamba hakuna mlio wa cherehani upande wa pili wa ukuta. Sikujua kuwa nilikuwa nalalia mlio huo.

Mama unamwona? Usimwambie nimeuliza. Ukimwona, niambie tu amevaa nini.

Mwewe


Karakana, 9 Juni

Mwewe wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu kwa mara ya tatu nimeisoma kwa sababu ya yale meno tu.

Tuanze na Mama. Alipita Jumamosi mbele ya karakana, amevaa lile gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa, na kilemba cheupe. Hakuingia. Alisimama kwenye duka la vyombo la mkabala, akaligeuzageuza sufuria moja ambalo najua halihitaji, jicho liko mlangoni kwangu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba akimtazama muuza sufuria. Yule maskini akachanganyikiwa, naye akamwamkia.

Bado ana hasira, lakini hasira inayotembea mpaka mlangoni kwa mtu si hasira ya kweli. Juzi nilikumbuka ile siku ulipoacha kazi ya shule na kumwambia unakwenda kuruka majabali. Alivyoweka mkasi mezani polepole akasema alikuzaa na miguu, hakukuzaa na mabawa, na kwamba hata tundu la kifungo hatalitoboa kwenye kitu cha kukutupa. Kisha akakuita mwewe: mwewe hushuka kwa ajili ya kifaranga, wewe unashuka kwa ajili gani? Alikupa jina kwa hasira, mimi nimelichukua nikalifanya la mapenzi. Haki yake ya kukunja uso ninaielewa.

Sasa mfuko. Nimeufunga mwenzake kwenye boriti ya dari na kuzivuta kamba mwenyewe, polepole, kama mtu anayemvua mtoto shati. Nimeona kosa. Kile kifuniko cha mdomo nilikibana kwa mipira miwili, mmoja kila pembe. Upande mmoja unaachia kabla ya mwenzake, basi mwavuli unatoka bega moja mbele. Nitaileta mipira yote katikati, ili kamba ya mwisho ikitoka mdomo mzima uachie kwa pamoja. Na mdomo nitaupanua ulingane na tumbo. Ule wa kwanza ulikuwa na mdomo wa bahili.

Kandambili zako ziko pale pale mlangoni. Kila nikitoka naziruka. Mteja mmoja alitaka kuzisogeza nikamkatalia, akaniuliza ni za nani, nikamwambia ni za mwenye nyumba.

Ulisema mwisho wa mwezi. Nakushikilia neno lako.

Fundi wako


Kambini, 16 Juni

Fundi wangu,

Nikuambie kwanza lile baya ili barua iliyobaki iwe na raha. Sitarudi mwisho wa mwezi. Wamekuja wageni wanaotaka kujifunza, na Kipara peke yake hawezi. Wameniomba nikae mpaka Julai iishe. Nimekubali kabla sijakuuliza, na hilo ndilo linaloniuma, si kule kukubali.

Kuna kipenu, ukingo wa mwamba uliochomoza chini ya kilele cha jabali kubwa, mahali pafupi kuliko tulipokuwa tunajaribia. Hakuna aliyewahi kuruka hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mfuko wa kuamini. Mimi ninaye mtu anayeushona. Nitengenezee ule wa mdomo mpana. Nitaujaribu kwa gunia mpaka gunia lenyewe lichoke, ndipo niruke.

Kasirika, una haki. Ila kasirika kidogo, na uniandikie kirefu.

Mwewe


Karakana, 25 Juni

Mpendwa,

Barua yako nimeipata. Hakuna tatizo kuhusu Julai. Kaa kadiri kazi inavyohitaji.

Mfuko unaendelea. Utatumwa ukikamilika.

Hapa wote wazima.

Fundi


Kambini, 2 Julai

Fundi,

Nimepokea barua kutoka kwako, au kutoka benki, sijaweza kutofautisha. Imepigwa chapa. Herufi zimesimama mstari kama askari. Nimeigeuza nyuma kutafuta nembo na muhuri.

Wewe hujawahi kunipigia chapa. Hata ile siku ulipokuwa na homa uliniandikia kwa chaki ya kushonea juu ya kipande cha nailoni, ninacho bado. Sasa naambiwa "hakuna tatizo". Mtu anayesema kaa kadiri kazi inavyohitaji, ama amekuwa malaika ama amechoka, na wewe malaika si sana.

Kama umechoka kuruka kandambili zangu, zisogeze. Lakini niambie kwa mkono wako. Kipara ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia chumvi imezidi, mpishi akasikia, sasa mpishi naye hanisemeshi.

Uliwahi kuniambia unaponikunjia mwavuli unatoa hewa yote iliyobaki ndani kwa kuulalia kifuani, ukunjo kwa ukunjo, mpaka utulie. Mimi hapa nakunja miavuli ya watu asubuhi na jioni, nailalia hivyo hivyo, na kila mara nafikiri, hivi ndivyo anavyolala mtu wangu juu ya kazi yangu. Sitaki kuanza kuifikiria vingine.

Mwewe


Karakana, 8 Julai

Mpendwa,

Mfuko uko ndani ya kifurushi hiki. Mipira yote ipo katikati, kama tulivyoongea. Kifuniko kiachie kwa kamba ya mwisho tu. Mshikaji aushike mfuko usawa, mdomo ukitazama nje, asiuinamishe.

Usiruke kabla gunia halijashuka likitazama bondeni kila mara.

Sijachoka. Kandambili zipo mlangoni.

Fundi


Kambini, 15 Julai

Fundi,

Mfuko umefika. Tumeujaribu kwa gunia siku nzima ya Ijumaa na Jumamosi nusu. Umefunguka ukitazama bondeni, ukarudia, ukarudia. Kipara amecheza ukingoni mpaka nikamkemea. Mchoro ni wako, huo siubishii. Hakuna mwingine ambaye angeipanga mipira namna hiyo.

Lakini mshono si wako.

Niliuona nilipougeuza ndani nje. Wewe ukifika mwisho wa uzi unauunguza kwa kiberiti, unabaki na kidonge cheusi. Nyuzi hizi zimekatwa kwa meno. Na kwenye pembe, wewe unageuza sindano mraba, unaendelea. Huyu amefika pembeni akapita mshazari kidogo, kashono kafupi, kisha ndipo akageuka. Nilivaa pembe kama hizo miaka yote ya shule. Mifuko ya sare yangu haikuwahi kuchanika, ilichanika sketi yenyewe mifuko ikabaki.

Nimekaa na mfuko huo mapajani mpaka chai imepoa. Nimeunusa, wala sioni aibu kukuambia. Unanuka nailoni mpya tu.

Sijaruka wala siruki mpaka uniambie. Nani amekaa kwenye kiti chako? Na wewe uko wapi?

Mwewe


Karakana, 21 Julai

Mke wangu,

Mkono wangu wa kulia umeumia. Nilikuwa nakata nailoni kwa kile kisu cha moto, mkono ukateleza kutoka kwenye mpini mpaka kwenye makali. Kimepita kwenye kiganja na vidole viwili. Daktari amesema mshipa mmoja ulikatika, ameuunga, na vidole vitajifunza upya kukunja, taratibu, pengine si vyote. Barua napigiwa chapa na kijana wa duka la fotokopi, nasimama nyuma yake namwambia neno kwa neno. Ungeweza wewe kumwambia mumeo maneno ya moyoni mbele ya watu watatu wanaosubiri kutoa nakala za vitambulisho? Leo nimewaambia watoke nje. Wametoka, wanachungulia dirishani.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungerudi. Nilitaka urudi kwa hamu, si kwa huruma. Huo ndio ujinga wangu wote, sina mwingine wa kuongeza.

Mama alikuja siku ya nne. Alikuwa amesikia kwa muuza sufuria. Alinikuta nimejaribu kushona mfuko wako kwa mkono wa kushoto, na kitambaa kinakwenda kama mlevi. Alisimama mlangoni akatazama mshono, hakunitazama mimi wala bandeji.

Akasema, "Ondoka kwenye kiti changu."

Nikamwambia, "Mama, hiki kiti ni changu."

"Leo ni changu."

Nikaondoka. Aliufumua mshono wangu wote. Akaniuliza kila kipande ni cha nini, kwa nini mpira huu uwe hapa na si pale, kamba inatoka vipi, nini kikikwama kinatokea nini. Nilipomwambia kinachotokea alivaa miwani, akaanza. Alishona siku tatu. Mimi nilikuwa namchorea chaki kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza aliuvuta kila mshono kwa nguvu zake zote, mguu ameukanyagia ukutani, mwanamke wa umri ule. Kisha akasema nisikuambie ni yeye.

Nimevunja ahadi kwa kuwa umeitambua pembe. Jabali ni lako, uamuzi ni wako. Mimi niko hapa, na sijachoka.

Fundi wako


Kambini, 28 Julai

Mama yangu,

Shikamoo.

Najua hupendi maneno mengi. Mfuko nimeupokea. Nimeziona pembe.

Siombi ukubali ninachokifanya. Nataka tu kujua jambo moja. Uliapa hata tundu la kifungo hutalitoboa. Mbona umeshona mfuko mzima?

Nimesema nitakaa mpaka Julai iishe, na Julai inaisha. Nimewaambia wenzangu nasubiri jibu lako kabla ya lolote. Wamenionea huruma, wanadhani ni ruhusa ya kuolewa.

Mwanao


Nyumbani, 3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Umeuliza, nakujibu. Mumeo aliumia akiwa anasoma barua yako, karatasi mkono huu, kisu mkono huu. Hilo hakukuandikia, nakuandikia mimi. Sikuambii ili ujilaumu. Nakuambia ujue una mtu wa namna gani.

Nilikwenda pale kumwambia afunge karakana. Ndiyo, nilikwenda na maneno yangu tayari mdomoni. Nikakuta mshono umepinda. Nikawaza, huyu kijana atautuma hivi hivi kwa kuwa ameahidi, au atampa fundi wa mtaani auharakishe, na mwanangu atautundika uhai wake hapo. Nimekasirika nawe miaka, lakini hasira yangu haikuwahi kufika mahali pa kumwachia mtu mwingine akushonee. Kama lazima uanguke, anguka katika mshono wangu.

Jino la mbele linalegea kwa kukata ule uzi wenu mgumu kama chuma. Unadaiwa jino.

Kuhusu ruhusa, mimi sina ya kukupa wala ya kukunyima, hukuniomba zamani, usianze uzeeni mwangu. Nina swali moja tu. Huyo mtu anayesimama juu ameshika mfuko wakati wewe unaondoka, ni nani? Ana mikono ya namna gani? Mumeo amenieleza kazi yake, tangu hapo sina raha.

Usinijibu. Alhamisi napanda gari la vyakula.

Mama


Kambini, 12 Agosti

Mkwe wangu,

Nimefika. Safari sikusimulii, mgongo wangu utakusimulia wenyewe nikirudi.

Nilimkuta anakunja mwavuli, amepiga magoti juu ya turubai, kifua kimeulalia. Hakunisikia. Nilisimama nikamtazama alivyokonda shingo. Aliinua kichwa akaniona. Aliendelea mpaka akamaliza ule ukunjo aliouanza, ndipo akainuka. Nikasema moyoni, ni wangu huyu, nami nisingeliacha pindo katikati. Tulikumbatiana kama watu waliosahau mikono inapita wapi. Yaliyosemwa hapo ni yetu.

Huyo Kipara ni mtu mzuri, mikono yake mipana, lakini anaongea mno. Nikamwambia binti yangu, samahani, mkeo, kwamba mfuko nitaushika mimi. Alicheka, kisha akaona sicheki. Basi akanifundisha. Siku mbili nzima nimelishikia gunia mfuko, Kipara kando yangu, kamba ya usalama kiunoni nimefungwa kama mbuzi. Nimejifunza kusimama, kunyoosha viwiko, mdomo wa mfuko nje, usawa, nisiinamishe. Alinikagua kama nilivyokuwa nikimkagua kucha.

Jana asubuhi upepo ulitulia. Tukashuka kwenye kile kipenu. Nilishika mfuko, yeye akasimama mbele yangu, kisogo chake karibu na uso wangu, karibu kiasi cha kuona kovu la tetekuwanga nyuma ya sikio.

Akaniambia, "Mama, usinivute."

Nikamuuliza, "Nimekuvuta lini?"

"Siku zote."

Nikanyoosha viwiko. Kisha nikamwambia kile kilichokuwa kinanitesa tangu nyumbani, kwamba labda ikifika wakati nitashindwa kuachia.

Akageuza kichwa kidogo. "Huachii, Mama. Wewe unashika tu. Anayeondoka ni mimi."

Akaondoka.

Kwenye gunia nilikuwa nikifumba macho, safari hii sikufumba. Zile kamba zilitoka mfukoni kama uzi unavyotoka mashine ikienda kasi, nikahisi mkururo wake vidoleni, halafu mvuto mmoja mkubwa, mdomo ukaachia wote kwa pamoja kama ulivyosema utaachia, na kile kitambaa chote kikatoka mikononi mwangu. Kikajaa. Kikatazama bondeni. Yeye alikuwa chini yake, mdogo, miguu inaning'inia kama zamani akikaa kwenye meza yangu ya kukatia. Akazunguka mara moja, akatua kwenye majani, akainua mkono.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mfuko mtupu. Kipara alinifungua kidole kimoja kimoja.

Ili mtu arudi juu inambidi apande kwa miguu, njia inazunguka nyuma ya jabali, humwoni. Walisema nitangulie kambini nikanywe kitu. Nikakataa, nikakaa palepale. Mkwe, miaka yote nisiyomsemesha yule mtoto sikuhisi urefu wake, nilikuwa na sare za watu za kushona. Lakini kule kumngoja apande ile njia, nikisikia jiwe likiporomoka nadhani ni yeye, kumbe siye, ndipo nilipojua ulikuwa ukiishi vipi na zile kandambili.

Akatokea, anahema, magoti yana udongo. Nikamwambia amechelewa. Akasema njia ina mwinuko. Tukashuka pamoja, yeye mbele, mimi nimemshika begani.

Alhamisi tunarudi na gari, sote wawili. Nimemuuliza kama anarudi kwa ajili ya mkono wako. Amesema mkono ungepona bila yeye. Anarudi kwa sababu hapati usingizi. Usijidanganye, msimu ukifika atakuja tena huku. Mimi nimeacha kujidanganya. Labda tutakuja naye, mmoja wetu, au sote.

Akikuuliza kama mkono unauma, usimjibu kwa herufi za mashine. Mwambie unauma.

Mama yenu